Dirisha Lisilo la Nyumba

9 Februari

Mpwa wangu mpenzi,

Pokea salamu za nyumba nzima, pamoja na za mguu wangu wa kushoto, ambao unakusalimu kwa kuuma. Mengine ni ya heri. Mke wangu anasema nikuulize kama unakula. Nimemwambia mama mzima mwenye mtoto wake haulizwi hivyo, akasema we uliza tu. Haya, unakula?

Karakana inakwenda. Nimepata kazi ya milango ya zahanati mpya, mbao ngumu kweli, msumeno unalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Kamati ya msikiti imenichagua tena kuwa mwenyekiti, nadhani kwa sababu viti vyote vya mle ndani nimevitengeneza mimi na wanaogopa nitavidai.

Sasa nina maswali, unanijua. Bahasha yako ya mwisho ina anwani mpya, na juu yake jina la mama mmoja nisiyemfahamu. Umehama? Huyo mama ni nani kwako? Chumba kikoje? Madirisha yanafungukia ndani au nje? Usicheke. Seremala akitaka kujua mtu anaishije, anaanzia dirishani. Wala usiniambie nipige simu. Mimi na simu hatuelewani, nikisema hili inasikia lile. Tangu dada yangu, mama yako, atutoke, nimezoea kukusikia kwa maandishi, na ndivyo nipendavyo.

Huku tumepata wageni. Ni familia zilizovuka mpaka kukimbia vita vya kwao, zimekaa kwenye uwanja wa mbao nyuma ya karakana yangu. Si watu wa dini yetu. Asubuhi wanaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Mengi yanasemwa hapa mjini. Tuyaache.

Mjukuu wangu Kipengo hajambo? Lile pengo limezibika?

Mjomba wako


2 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa mkazamjomba. Mwambie ninakula mpaka nguo zimeanza kunibana. Kipengo hajambo. Jino limeota lakini limeota upande, kwa hiyo siku hizi anacheka kafunga mdomo kama bibi harusi.

Ni kweli nimehama. Kile kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali nimekiacha kwa muda. Chumba changu ni kidogo ila kikavu. Dirisha ni moja, refu na jembamba, na juu pande zake zinakutana kwa ncha kama viganja viwili vilivyounganishwa. Halifungukii ndani wala nje, halifunguki kabisa. Vioo vyake ni vya rangi, hivyo jua likipanda, mto wangu wa kulalia huwa mwekundu, kisha bluu, kisha unarudi kuwa mto. Yule mama wa kwenye bahasha ndiye mwenye funguo za jengo. Tunamwita Mama Funguo. Anaongea kwa ukali na kutenda kwa upole. Kipengo anapelekwa shule naye na kurudishwa naye.

Mimi siendi mbali siku hizi. Baridi.

Wageni wenu mvua ikinyesha wanajificha wapi? Wana watoto? Na kwa nini unasema tuyaache? Tangu nikufahamu hujawahi kuacha jambo lolote, Mjomba.

Mpwa wako


28 Machi

Mpwa wangu,

Sote wazima. Milango ya zahanati imekwisha, imefungwa, na mmoja tayari umepigwa teke na mtu aliyekuwa na haraka ya sindano.

Barua yako niliisoma, nikachukua penseli, nikalichora lile dirisha lako kwenye kipande cha mbao. Nimetengeneza madirisha maisha yangu yote. Hakuna fundi mwenye akili timamu anayeweka chumba cha kulala dirisha lisilofunguka, lenye ncha juu, la vioo vya rangi. Nikamwonyesha mke wangu. Akasema, "Hilo ni la kanisa." Nikamwambia, "Najua. Nilitaka uniambie ni la kitu kingine."

Halafu nikaisoma tena. Wewe uliyekuwa ukinisimulia kila duka la mtaani kwenu, nani kafungua, nani kafunga, barua nzima haina mtaa hata mmoja. Mtoto anapelekwa shule na mwenye funguo. Eti baridi! Umekaa huko miaka kumi na moja, baridi imekuanza leo?

Basi nauliza. Unaishi kanisani? Umebadili dini? Ukisema ndiyo nitanuna, kisha nitaacha kununa. Ukisema hapana nina maswali mengine. Ila ukinyamaza ndipo utaniumiza.

Wageni wana watoto, ndiyo. Mvua ikinyesha wanajifunika maturubai. Hilo nalo tuliache.

Mjomba wako


17 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Najua barua hii imechelewa, na usiilaumu posta. Nimeianza mara nyingi, nikaichana. Kipengo akaniuliza kwa nini natengeneza vikaratasi.

Ndiyo, naishi kanisani. Hapana, sijabadili dini.

Ilikuwa Oktoba. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeomba ruhusa nimpeleke Kipengo kwa daktari wa meno. Niliporudi kiwandani nilikuta mashine zote zinazunguka na hakuna mtu hata mmoja mbele yake. Viatu vya kazini vimetupwa huku na huku. Mlinzi akaniambia, "Dada, geuka ulikotoka." Askari wa uhamiaji walikuwa wamekuja na mabasi. Wenzangu wote wasio na vibali walichukuliwa. Yule wa kwenye pasi kubwa, aliyekuwa akinichekesha mpaka nachoma shuka, watoto wake walikaa shuleni mpaka jioni wakingoja mtu wa kuwachukua. Yeye sasa karudishwa kwao, watoto wamebaki huku na jirani.

Wiki iliyofuata nami nikapata amri ya kujisalimisha ili nirudishwe. Mimi peke yangu, Mjomba. Kipengo kazaliwa hapa, ni raia. Kibali niliomba kabla hajajua kutembea, na mpaka leo sijajibiwa ndiyo wala hapana.

Nilikimbilia msikitini. Lakini msikiti wetu huku ni chumba kimoja juu ya duka la matairi, hauna pa kumlaza mtu. Imamu alinisikiliza, akavaa koti, akanitembeza mpaka kwenye kanisa la mtaa wa pili. Akamwambia mchungaji, "Nina mgeni, sina chumba." Mchungaji akajibu, "Mimi nina chumba, sina mgeni." Wakacheka wote wawili. Mimi nililia.

Tangu siku hiyo sijatoka nje ya mlango. Kipengo anatoka kwa kuwa ni haki yake. Mimi naona mtaa kupitia kioo chekundu. Usifikiri kuna sheria inayowakataza askari kuingia humu. Haipo. Wanaona haya tu. Gari lao husimama ng'ambo ya barabara, wanakunywa kahawa na kuutazama mlango.

Siku ya kwanza Mama Funguo aliniuliza nikisali naelekea wapi. Nikamwonyesha ukuta. Ukuta huo ulikuwa na kabati zito la nguo za kwaya. Akashika upande mmoja, nikashika mwingine, tukalisukuma likakwaruza sakafu yote. Akasema, "Mchungaji akiuliza, ni panya."

Si wote wanaonipenda humu. Kuna fundi bomba, muumini wa miaka mingi, aliyesimama kanisani akasema kuweka mtu aliyeamriwa kuondoka ni kuvunja sheria mbele ya Mungu. Mwezi uliopita sinki langu liliziba, akaja yeye. Akauliza akiwa bado kainama chini ya sinki:

"Kwa nini hukufuata utaratibu?"

"Niliufuata. Ndio wenyewe umesimama."

"Umesimama tangu lini?"

Nikamwelekeza kwa Kipengo aliyekuwa akichora mezani. "Alikuwa anatambaa," nikasema.

Akatoka bila kunawa mikono.

Sikukwambia kwa sababu ulinilea mbele ya msikiti, wewe ni mwenyekiti wa kamati, nami nalala nyuma ya madhabahu ya watu wengine. Niliogopa swali lako la kwanza litakuwa lipi.

Sasa kuna muswada bungeni. Unataka wanaosubiri majibu wasubiri humu humu nchini, majumbani mwao na watoto wao, serikali ijibu maombi kwa muda maalumu, na askari wasiende kuvizia watu shuleni, hospitalini na kwenye nyumba za ibada. Mchungaji, imamu na viongozi wa dini nyingine wameungana kwenda kuutetea. Mimi siwezi kwenda. Nikikanyaga ngazi tu, nimekwisha.

Mpwa wako


6 Juni

Mpwa wangu, mwanangu,

Swali langu la kwanza ni hili: sakafu hiyo ni ya mbao gani mpaka kabati liikwaruze? Kama ni laini, ipakwe nta, vinginevyo itachanika na mtoto atachomwa na vibanzi.

La pili, ukiugua nani anakutazama? La tatu, Kipengo anawaambia nini wenzake shuleni? La nne, mnapika wapi? La tano ni la mke wangu. Baada ya kusomewa alitaka kujua huyo Mama Funguo ana umri gani na kama ana watu wake.

Nimekasirika, ndiyo. Miezi yote hiyo unanilisha baridi! Lakini hasira ya kanisa sina. Nimeitafuta, nikaikosa. Kila nikijaribu kuianza namwona yule mama na kabati lake.

Kinachonishangaza, na ninakizungusha kichwani nikipiga randa, ni kwamba ulinzi wako wote ni haya ya askari. Si ukuta, si kufuli. Watu wazima wenye bunduki wanaona aibu kupita mlango ambao hata haukufungwa. Aibu hiyo ilifundishwa na nani? Inaweza kuisha?

Sasa na mimi niseme nililokuwa naliacha. Madarasa ya zamani ya madrasa yetu yako wazi tangu tujenge mapya. Mwalimu mmoja alipendekeza wale wageni walale humo mpaka hali yao ijulikane. Wazee kadhaa wa kamati wamechachamaa. Wao wanataka tuwaombe polisi wawaondoe uwanjani kabla hawajazoea. Kura zimegawanyika sawasawa, na imebaki ya mwenyekiti. Nimeahirisha kikao kwa kusema mguu unauma. Unauma kweli, lakini si kiasi hicho.

Nilikuwa sijui la kufanya. Ni wengi, hatuwajui, wengine wanasema katikati yao kuna wezi. Kisha barua yako ikaja.

Nataka kuwaambia wazee habari zako. Ila habari ni zako, na mji huu una midomo. Watakaosema umeritadi watakuwepo. Nipe ruhusa au ninyime. Ukininyima sitanuna hata kidogo.

Mjomba wako


25 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimecheka swali la mbao mpaka Mama Funguo akaja kuona kuna nini. Sakafu ni laini, na tayari tumeipaka nta. Mama Funguo ni mjane, mtoto wake mmoja yuko mbali na hapigi simu. Kipengo huwaambia wenzake kuwa mama yake analinda kanisa.

Ruhusa nilikaa nayo siku kadhaa kabla ya kuitoa. Nilijiona nikirudi siku moja, na watu sokoni wakiniangalia kwa pembe ya jicho. Kisha nikawaza wale watoto chini ya maturubai. Waambie. Ila usinifanye mtakatifu. Waambie pia kwamba nachoka, kwamba wiki nyingine namgombeza mtoto bila kosa, na kwamba kinanda cha hapa kinanitia wazimu.

Jana kamati ya bunge ilisikiliza watu, nasi tukasikiliza redioni, mimi, Kipengo na Mama Funguo. Mchungaji alisema vizuri, imamu akasema vizuri zaidi. Halafu ikaitwa sauti niliyoijua. Yule fundi bomba! Hakuna aliyetuambia kwamba anakwenda.

Mbunge mmoja akamuuliza, "Wewe si ndiye uliyewahi kuandika kulalamika kwamba kanisa lenu linavunja sheria?"

"Ndiye mimi."

"Umebadili mawazo?"

"Hapana. Napenda sheria. Ndiyo maana naona aibu na hii. Mtu anaomba, hajibiwi, mtoto wake anatambaa, anatembea, anaota meno, bado hajajibiwa, kisha anakamatwa kwa kosa la kungoja. Mimi nikimwacha mteja hivyo, ananifukuza."

Watu walicheka, mwenyekiti akagonga meza. Mama Funguo akasema, "Huyu jamaa hajanipa hata salamu miezi minne," akaenda kuchemsha chai.

Niambie kikao kilikwendaje.

Mpwa wako


20 Julai

Mpwa wangu,

Sisi wazima. Mke wangu anakusalimu, na ameanza kumwita Mama Funguo "mwenzangu" kama vile walikua pamoja.

Kikao kilikuwa kirefu. Mzee mmoja muuza vitambaa, unamkumbuka, yule anayepima kwa mkono mfupi, ndiye aliyetangulia. "Mwenyekiti, hawa si wa dini yetu. Tuwaweke ndani ya madrasa? Waimbe nyimbo zao mahali watoto wetu wanaposoma Kurani?"

Nikamjibu, "Binti ya dada yangu analala kanisani."

Mwingine akasema, "Inna lillahi, ameritadi?"

"Hapana. Anasali sala zake tano humo humo. Wamemsogezea kabati la nguo za kwaya apate kuelekea kibla."

Nilidhani watabishana juu ya dini. Unajua waliniuliza nini? Muuza vitambaa akasema, "Kabati lenyewe kubwa?" Mwingine akataka kujua kama mchungaji anajua. Mwingine akauliza unakula nini, na nani anachinja. Nikawajibu nilivyojua, na nisivyojua nikasema sijui. Nikawaambia pia kwamba umechoka, na kinanda. Maswali yalikwenda mpaka tukasahau kwamba tuna kura. Mwishowe yule muuza vitambaa akaguna. "Na kama wale wakiwa wezi?" Nikasema, "Tutaibiwa. Madarasa yana nini, chaki?"

Kura yangu haikuhitajika kuvunja sare, maana mmoja wao aligeuka. Si muuza vitambaa. Yeye alikataa mpaka mwisho, na hanisalimii vizuri mpaka sasa. Baadhi ya watu wameacha kuleta kazi karakana. Nakwambia ili usidhani mambo huku ni asali.

Wageni wamehamia. Kulikuwa na ugomvi wa choo, tumechimba kingine. Nyimbo wanaimba nje, uani, baada ya watoto kutoka darasani. Mtu wao mmoja ni seremala. Anashika randa kinyume na ninavyoishika mimi na kazi inatoka safi. Nimekuwa nikimwangalia mikono kama mwizi. Bado sijaelewa anafanyaje.

Bunge limeamua nini? Redio ya huku haisemi.

Mjomba wako


14 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo, na wote hapo nyumbani nawasalimu. Pole kwa wateja waliokukimbia.

Muswada umepita nusu. Kungoja nyumbani, kumepita. Serikali kujibu ndani ya mwaka, kumepita. Shule, hospitali na nyumba za ibada kutoguswa, kumepita, kwa kura chache mno. Kipengele cha kuwapa ukaazi wa kudumu waliokaa muda mrefu kimeondolewa. Na wale waliokwisha kurudishwa hawakuzungumziwa kabisa. Mwenzangu wa kwenye pasi kubwa bado yuko kule, na watoto wake wako huku. Mimi mwenyewe nitajibiwa kabla ya mwaka kwisha, na jibu linaweza kuwa hapana. Tumefurahi kwa uangalifu.

Jumanne wakili alikuja kanisani. Akasema, "Unaweza kutoka."

Nikauliza, "Sasa hivi?"

"Sasa hivi, kesho, utakavyo."

Nilikaa kitandani. Hujui, Mjomba, jinsi mtu anavyoweza kuuogopa mlango aliokuwa akiutamani. Mchungaji akauliza kama nataka tuimbe kidogo, nikamwambia hapana, tafadhali. Viatu vyangu vya nje vilikuwa vimekauka na kukakamaa, nikavivaa hivyo hivyo. Mama Funguo alitaka kunisindikiza. Nilimwomba anipe zamu yake leo, niende mwenyewe kumchukua mtoto. Akanishika kola akainyoosha, akasema, "Geti la kijani, siyo la mbele," akaingia ndani haraka.

Lile gari halikuwepo. Mahali pake pamesimama gari la mtu anayeuza magodoro. Hewa ilinigonga puani. Kila kitu kilikuwa na sauti kubwa kuliko nilivyokumbuka, na watu walinipita bila kunitazama, raha iliyoje kutotazamwa. Nilipotea mara moja. Duka nililotumia kama alama limefungwa.

Nilisimama kwenye geti la kijani pamoja na wazazi wengine. Watoto wakatoka. Kipengo alikuwa akilitafuta koti la Mama Funguo, macho yake yakanipita, yakaenda mbali, yakarudi. Hakukimbia kuja kwangu. Alisimama na begi lake, akatazama nyuma yangu, kulia, kushoto, jinsi anavyotazama mtu mzima anayevuka barabara kubwa. Kisha akaja taratibu, akanishika kidole kimoja.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, wanajua uko nje?"

"Wanajua."

"Na hawajakasirika?"

"Waliokasirika wapo. Lakini hawawezi kunikamata kwa kusimama hapa na wewe."

Akafikiri. Akauliza kama ruhusa hiyo ni ya leo tu. Nikamwambia ukweli, kwamba ni ya leo, na ya kesho, na mpaka watakapotujibu, na kwamba sijui watajibu nini. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa bei akaona si mbaya sana.

Kisha akacheka mdomo wazi, jino lake la upande likaonekana na watu wote pale getini, akasema, "Basi leo tusipite njia fupi."

Tukapita ndefu.

Mpwa wako